Watoto Hawakulia Kwenye Kiti Changu

Nyinyi vijana mnaofungua vinyozi siku hizi, vyenye viti vya kupanda na kushuka na televisheni ya katuni ukutani, mnanisimamisha barabarani mkiniuliza swali moja tu. Juzi alikuwa mmoja hapa mtaani Section 58, Nakuru, kijana mwenye ndevu za kuchorwa kama mpaka wa shamba. "Niaje mzee," akasema. "Tunaskia kwako hakuna mtoi alikuwa analia. Hiyo siri utatuachia lini, ama unataka kuenda nayo?"

Nilimwambia nitaiandika. Basi naandika. Niliacha shule darasa la tatu, na kalamu naishika kama wembe, kwa hivyo msitafute maandishi mazuri hapa. Lakini msinidharau pia. Kwa mikono hii miwili nimenyoa vichwa miaka arobaini na moja, nikajenga nyumba ya mawe, nikasomesha watoto wanne, na sijawahi kumwita mtu mkubwa wangu tangu nimwache fundi aliyenifundisha. Someni mpaka mwisho. Mkisoma nusu mtaondoka na ile siri peke yake, na hiyo ndiyo sitaki muondoke nayo.

Kwanza mambo ya mikono, ndiyo mnayapenda. Mashine ikinguruma muda inashika moto. Mtu mzima atakwambia, "Boss, unanichoma." Mtoto atavuta shingo tu, na wewe utadhani ni utundu. Ipime juu ya mdomo wako, usiipime mkononi, maana mkono wa kinyozi umekufa ganzi kitambo. Usianzie usoni. Anzia kisogoni, mtoto asiione mashine ikimjia. Mtoto mwenye mashilingi, yale mabaka ya duara ya kichwani, mnyoe wa mwisho, halafu mashine ioge spiriti, na usitaje ugonjwa wake mbele ya wenzake. Na usimkalishe kwenye kiti cha watu wazima, anazama mpaka unanyoa kivuli. Mimi nilikuwa na ubao wa saiprasi, naulaza juu ya mikono ya kiti, mtoto anakaa pale juu kama chifu kwenye baraza.

Hayo yote ni ya kweli na mnaweza kuyachukua bure. Sasa ile siri.

Kazi hii nilifundishwa na mzee Oloo. Alikuwa akinyoa wafanyakazi wa reli, na walipozeeka akanyoa watoto wao, kwenye veranda nyuma ya nyumba za reli ambako baba yangu alikuwa amepewa chumba. Sisi ni watu wa Maragoli tuliozaliwa Nakuru. Oloo alitumia ile mashine ya mkono inayong'oa nywele mbili kwa kila moja inayokata. Watoto walilia, lazima walie. Na mtoto akilia, Oloo alisimama. Sio kupunguza mwendo, kusimama kabisa. Anaweka mashine mezani, mtoto aione imelala, kisha anavuta kibao anakaa. "Haya, lia kwanza," anamwambia. "Mimi niko na wewe leo nzima." Anamwuliza ni wapi panauma. Mtoto anaonyesha. Oloo anapashika, anasema kweli hapa pameuma, pole sana bwana mkubwa.

Kama mtoto hakutulia, Oloo alimrudisha nyumbani na kichwa nusu. Mnacheka. Mimi sikucheka, nilitaka ardhi inimeze. Fikiria Jumapili, kanisa limejaa, na watoto watatu wa mtaa wako upande mmoja wana nywele na upande mwingine ni upara. Baba mmoja alikuja mbio kama anakuja kupigana.

"Oloo! Umenifanyia mchezo? Mtoto amekuwa kama shamba lililoliwa na nzige!"

"Huo upande mmoja bado ni wake," Oloo akasema. "Akiwa tayari kunipa, ataniletea mwenyewe."

"Ataleta nini? Ana miaka minne!"

"Basi ataleta na miguu ya miaka minne."

Na kweli walijileta. Kesho yake, keshokutwa, unaona mtoto anakuja peke yake, amejishika ule upande wenye nywele, anapanda kwenye ubao bila kuambiwa. Akilia, analia akiwa amekaa, akimaliza anasema endelea. Mimi niliona huo ni upuuzi. Kichwa kimoja siku mbili! Siku moja nilimwambia, "Mzee, unapoteza wakati."

Alinitazama akiwa anapuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Wakati wa nani?" akaniuliza.

Niliondoka kwake. Nilifungua kinyozi changu mwenyewe.

Njia yangu niliiita kufunga kichwa. Mkono wa kushoto: kidole gumba nyuma ya sikio la kulia, pale kwenye mfupa, vidole vingine vinapita nyuma ya kisogo vinashika upande wa pili. Ukibonyeza pale penye mfupa, mtoto hana pa kwenda. Mzazi namtoa nje, namwambia asichungulie. Halafu namgeuza mtoto aangalie kioo. "Unamwona huyo?" namwuliza. "Huyo akilia, mashine inakata sikio. Mimi sikati, ni mashine inakata yenyewe. Inaskia kilio." Nasema polepole, bila hasira, maana hasira mtoto anaielewa, lakini upole wa namna ile hauelewi, anaganda. Akiganda namnyoa kwa dakika sita. Kisha switi. Na switi namfungulia mbele ya yule mwingine aliyelia, ambaye hapati.

Ndiyo siri yenyewe hiyo. Haina kitu kingine ndani yake.

Watu walikuja kutoka Njoro, kutoka Mau Narok, watoto wamepangwa kwenye benchi kama soda kwenye kreti. Mama mmoja wa Mau Narok aliniambia, "Mzee, huyu mkubwa tangu umnyoe hata nyumbani ameacha kunisumbua. Ulimfanya nini?"

"Nilimtengeneza," nikamwambia, na duka lote likacheka.

Wababa walikuwa wakibaki baada ya kunyolewa ili niwafundishe. Mimi wa darasa la tatu, nikifundisha karani na fundi mkuu wa kiwanda! Nilikuwa nawaambia hivi: usimbembeleze. Akianguka, geuza uso. Akija kwako na kilio, mrudishe nacho alikotoka. Akinyamaza ndipo umpe kitu, ili ajue kunyamaza kuna faida. Waliitikia kwa kichwa, na mimi kichwa ndicho nilichokuwa nimekishika. Sijui ni nyumba ngapi nilizoingia namna hiyo bila kubisha mlango. Huwa najaribu kuzikumbuka sura zao, naacha.

Aliyenishinda alikuwa mama mmoja wa kuuza chapati pale karibu. Mtoto wake aliniuma. Sio mchezo, aliniuma kidole gumba hiki mpaka damu. Nilimtoa mzobemzobe mpaka nje.

"Mathe, chukua simba wako!"

Badala ya kumchapa, mama akacheka mpaka akashika mlango. "Ulimwambia nini, mzee? Huyu haumi bure."

"Nimemwambia atulie."

"Aii, amesema umesema utakata sikio." Akamwinua mtoto, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti changu mwenyewe, na unga wa chapati nguoni, mtoto mapajani. "Haya, nyoa sisi wote wawili. Anza na mimi, aone kama nitabaki na masikio."

Niliwafukuza. Nikawaambia wateja, huyo mtoto ataishia jela. Leo ni fundi wa pikipiki, na akiwa na shida na mkewe au na kazi huja kunieleza, mimi niliyemfukuza, anakaa kwenye jiwe pale nje anaongea mpaka imwishe, anapangusa macho, anaenda. Huwa namsikiliza na naona wivu mkali ambao sitauficha. Wanangu wanne hawajawahi kukaa kwenye jiwe hilo.

Kichwa cha mtoto hakijui kudanganya, hilo mtalijua mkikaa kazini. Ukiinua mkono kutundika taulo na mtoto akainama, umejua nyumba yao. Mwingine anakuchekea, lakini kabla ya kucheka anaitafuta kwanza sura ya mama yake kwenye kioo aone kama kucheka kumeruhusiwa leo. Kulikuwa na msichana wa miaka mitatu, ukianza tu kumnyoa anaegemeza kichwa kwenye tumbo lako na kufumba macho, na ukimaliza haondoki, kwa sababu nyumbani hakuna mtu anamgusa. Nilimsukuma kwa kiwiko, nikasema nina foleni. Niliona mambo hayo miaka yote. Nilikuwa nasoma vichwa kama wengine wanavyosoma gazeti, na kama gazeti, nikimaliza natupa.

Mwanangu wa kwanza, Jairo, ndiye nilimtumia kama mfano. Akiwa mdogo hivi namkalisha kwenye ubao mbele ya wateja, namnyoa kavu kwa wembe, na hapepesi jicho. "Huyu ni wangu," nawaambia. "Tangu atembee hajalia." Mama yao alipofariki, wadogo zake walilia. Jairo alibeba viti. Watu wakaja kunishika mkono, wakaniambia mzee, una mtoto mwanaume. Niliondoka kaburini nikiwa na huzuni na kifua mbele, vyote pamoja, kama hilo linawezekana.

Sasa Jairo anaendesha trekta kwenye mashamba ya Njoro, na ana mtoto anaitwa Amos, miaka mitano. Mkewe ni Naomi. Watu wema. Hawapigani, hawanywi, mtoto anavaa viatu. Amos anakuja kwangu na nguo safi, anasalimu, "Shikamoo Guga," ambayo kwetu ndiyo babu, kisha anakaa mahali alipoonyeshwa mpaka aonyeshwe pengine. Majirani walimsifu. Mwalimu wake wa nasari alimsifu pia, lakini yeye alimwambia Naomi kitu kingine, kwamba mtoto hachezi na wenzake, anawatazama tu, na wakimnyang'anya kitu anawapa na kingine. Naomi alituambia hilo kama sifa. Mimi nilikubali ni sifa.

Nilikuwa nimeshastaafu wakati huo, kiti nimekileta nyumbani, nanyoa wajukuu tu. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa Jairo alimleta Amos, nywele za miezi mitatu kichwani. Nikaweka ubao, nikafunga kitambaa, nikapima mashine mdomoni. Nikafunga kichwa.

Kidole gumba kilipogusa ule mfupa nyuma ya sikio la kulia, nilihisi pamejaa na pana joto. Nikafikiri ni jua. Amos alikaza miguu. Nikadhani anataka kutikisika, kwa hivyo nikabonyeza. Alikaza zaidi. Nikabonyeza kama ninavyobonyeza wanaotaka kunisumbua, kwa nguvu za miaka arobaini. Hakutoa sauti. Nikanyoa kisogo, nikanyoa utosi. Nilipofika upande ule, nywele zilipoondoka, nikaona ngozi imevimba nyekundu inang'aa, na sikio limesukumwa mbele kama la mtu anayechungulia. Halafu harufu ikafika. Ndani ya sikio kulikuwa na usaha uliokauka, na juu yake mwingine mbichi.

Nilizima mashine. "Amos, hapa panauma?"

"Kidogo, Guga."

"Tangu lini?"

Alifikiria. Ni mtoto mkweli. "Tangu tupande viazi."

Viazi Njoro vilikuwa vimeshatoa maua.

Nikamwita Jairo. Alipoona, rangi ilimtoka. "Hakusema," akasema. "Baba, nakuapia, hakusema. Tunalala chumba kimoja naye na hakusema." Akamgeukia mtoto, "Kwa nini hukusema?" na Amos akashuka kwenye ubao, kitambaa bado shingoni, akasimama wima mikono pembeni, vile wanasimama darasani wakikosea.

Tulimpeleka hospitali hapa Nakuru siku ile ile. Daktari alikuwa msichana, umri wa mwanangu wa mwisho. Alibonyeza pale kwa ncha ya kidole tu, taratibu, akamtazama Amos usoni, akabonyeza tena, akamtazama tena. Kisha akatutazama sisi.

"Hii haikuanza jana," akasema. "Usaha umeingia kwenye mfupa. Mtoto mwenye hii kitu anaangusha nyumba kwa kulia. Huyu alikuwa anafanya nini?"

"Hakuna, daktari," Naomi akasema. "Ni mtoto mpole sana. Kila mtu anamsifu."

Yule msichana aliweka kalamu chini. Ningependa angetutukana.

Walimpasua wakatoa uchafu mfupani. Walisema tumefika kabla haujapanda kwenye ubongo, tushukuru. Lakini sikio la kulia lilikuwa limeshaliwa kwa ndani. Halisikii na halitasikia. Miezi miwili mapema, dawa ya maji kwenye chupa ingetosha. Kilichohitajika ni mtoto kulia mara moja na mtu mmoja kuuliza, unalia nini.

Alipoamka mimi ndiye nilikuwa kando ya kitanda, Naomi ameenda kunawa uso. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji, upande mmoja nimeunyoa mimi na mwingine wameunyoa wao. Alinitafuta kwa macho akanipata.

"Guga, nilikaa vizuri?"

Nyinyi mnaojua kujibu watoto, niambieni ningejibu nini. Nikisema ndiyo, nimemwua mara ya pili. Nikisema hapana, amelala pale amepasuliwa na anaambiwa amekosa. Alikuwa anangoja. Nilisema, "Ulikaa vizuri." Akafumba macho, akalala.

Mimi sijawahi kumwomba mtu msamaha. Sikufundishwa na sikuona haja. Lakini Jairo alikuwa kwenye benchi ya nje, nikaenda nikakaa karibu naye, na kwa kuwa sikujua linaanzaje nilisema tu, "Mimi nilikosea."

"Ulikosea nini tena? Wewe ndiye umeona ugonjwa. Sisi tunaishi naye hatukuona."

"Nilikukosea wewe."

Alianza kukwangua tope kwenye kiatu. "Baba, wacha hizo. Mimi niko sawa. Sijawahi kukusumbua."

"Ndiyo hiyo nasema."

"Sasa unataka nifanye nini? Nianze kulia hapa, watu wakiniangalia? Na hii miaka thelathini na nane?" Alicheka, cheko fupi la kutoka puani. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, akanionyesha kidole cha mwisho. Ni kidole kilichopinda, nimekiona miaka yote, nilidhani alizaliwa nacho. "Hiki kilivunjika kwa mlango wa duka lako. Ulikuwa ndani, unanyoa. Nilikaa nacho hapo kwa benchi."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unawaambia watu vile mimi silii," akasema. "Ningekuita aje?"

Akarudi kukwangua tope. Nilitaka kumshika ule mkono. Mkono wangu ulifika katikati ukarudi, haujui kazi hiyo, na yeye aliuona ukirudi.

Walipomtoa Amos hospitali niliwafuata Njoro nikakaa nao, narudi mjini mara moja moja. Nilijiambia nitamrekebisha. Nikadhani ni kama kichwa kilichonyolewa vibaya, unangoja nywele ziote unaanza upya. Nikajaribu ya Oloo, nikavuta kigoda, nikamwambia mimi niko na wewe leo nzima. Akakaa mbele yangu kwa adabu akingoja nimalize. Nikamwambia anionyeshe panapouma. Akanionyesha mlango, akasema pale ndipo kuku wanaingilia. Anajua kubadilisha maneno, kama mtu mzima.

Siku moja nikamwachia acheze kinyozi. Nikakaa chini, nikampa kitana, nikamwambia leo Guga ndiye mtoto, ninyoe. Alifurahi, niliona. Akazunguka nyuma yangu, akaweka kidole gumba chake kidogo nyuma ya sikio langu, barabara pale kwenye mfupa, akabonyeza. Kisha akanisemesha polepole, bila hasira. "Mashine inaskia kilio."

Sikuwahi kumwambia Amos maneno hayo. Alipozaliwa nilikuwa nimeshayaacha. Jairo ndiye humnyoa nyumbani.

Nilimngoja Jairo arudi shambani nimwulize. Akasema ndiyo, humwambia hivyo, si ni utani tu, mbona yeye aliambiwa akakua. Naomi alikuwa akimenya viazi, hakuinua kichwa. Nikamwomba Jairo asiseme tena. Akasema sawa baba, vile angesema sawa kama ningemwomba ahamishe jembe. Kisha akanawa mikono akala.

Sasa mnataka niwaambie nini? Mashine ikiwaka na mtoto akalia, izime. Muiweke chini aione. Mrudishe na kichwa nusu, watu wacheke. Hayo naweza kuwaambia na ni rahisi, kwa sababu mtoto huyo si wenu, mtakaa naye dakika chache na atashuka. Lakini msije kuniuliza jinsi ya kukifungua kichwa ambacho kimeshafungwa. Hiyo sikufundishwa, na nimeitafuta.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kumpeleka Amos dispensari ya hapo Njoro kubadilishiwa dawa. Kidonda kilichelewa kufunga, na ndani wanaweka utambi mrefu wa bandeji ambao lazima uvutwe wote utoke. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na watoto wa chanjo, na nesi anafanya kazi mlango wazi, kila mtu anaona. Alianza kuvuta. Mimi mtu mzima nilitazama kando. Utambi umeshikana na nyama, anavuta, unakatika, anaushika tena kwa koleo. Amos ameshika magoti yake, jasho limetokeza juu ya mdomo.

Nikainama kwenye sikio lake zima. "Lia," nikamwambia. "Guga anakuruhusu. Piga kelele, itasaidia. Lia, baba."

Alinitazama kwa lile jicho la mtu anayeona mtego na hataki kukukosea heshima kwa kusema ameuona. "Silii, Guga," akasema. "Mimi sio mtoto mbaya."

Nesi alimaliza, akainua ule utambi watu wauone urefu wake. "Aii! Jameni, mmeona huyu? Hata sauti! Huyu ni mwanaume kweli kweli."

Foleni nzima ikapiga makofi. Mama mmoja akamshika mwanawe kidevu, mtoto wa kama miaka mitatu aliyekuwa analia sindano, akamgeuza atazame. "Unamwona mwenzako? Na wewe kitu kidogo hivi unatuaibisha." Yule mdogo akamtazama Amos, akajipangusa machozi haraka kwa mkono wa sweta, akafunga mdomo.

Makofi yalitoka upande wa kulia, kwa hivyo Amos hakujua yako wapi. Aligeuza kichwa huku na huku akiyatafuta. Alipoona ni yeye anapigiwa, alitabasamu, na tangu apasuliwe sikuwa nimemwona akitabasamu.

Nilikuwa nimesimama, mkono nimeuinua niwanyamazishe. Watu walidhani nami nashangilia. Nikautazama uso wa mtoto, nikakaa.